Miguu ya Winchi

4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Nimefika salama, nimepokelewa kama waziri. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti kinachonimeza mpaka mabegani. Masikio yako na simu hayapatani tangu zamani, na mimi siwezi kupayuka mpaka ghorofa zote zijue mambo yetu, kwa hiyo tuandikiane. Barua zitapanda basi.

Sasa sikiliza, na uwasomee pale tanurini wote wasikie, hasa yule mchoma matofali aliyesema mwanangu atanisahau. Mtoto niliyemlea kwa matofali ya kichwani ana ofisi yake mwenyewe kwenye kampuni ya bima. Jina lake liko mlangoni. Akitoka, kuna kijana anampisha. Tunakaa ghorofa ya sita, na usidhani napanda ngazi. Kuna lifti. Unaingia kwenye kasha la bati linalong'aa, unabonyeza, tumbo linabaki chini na wewe unapanda. Siku ya kwanza nilishika mkono wa mwanangu kama bibi harusi.

Maji yanakuja yenyewe. Moto unawaka kwa kidole. Nguo zinafuliwa na mashine, inatetemeka kona ile kama mtu mwenye homa. Kuna binti wa kazi, mpole, anaosha hata kikombe nilichonywea maji tu. Mwanangu aliniita mbele yake na mbele ya mkewe akasema, "Mama, umebeba vya kutosha. Hapa hutashika kitu." Nililia, sikufichi.

Na uchekeshwe kidogo. Sebuleni kuna baiskeli isiyo na magurudumu. Nikamuuliza, baba, hii inakwenda wapi? Akasema, "Haiendi, Mama, ni ya kukimbiza moyo." Wanaanikia taulo. Halafu Jumamosi anapanda gari mpaka ukumbi wa mazoezi, anapanda lifti, akifika juu anakimbia juu ya mkanda, asiende popote, arudi kwa gari. Amechoka! Nimecheka mpaka nikakohoa.

Nitakaa mpaka mvua ziishe huko, kisha narudi. Usimwachie mtu zamu yangu.

Dada yako,
Winchi

23 Machi

Dada Winchi,

Kiti kikumeze wewe? Hicho si kiti, ni kiboko. Tulipokuwa tanurini ulikuwa hukai hata kula, unakula umesimama kama farasi.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mpaka sauti ikaniisha. Yule mchoma matofali amesema, "Mwambie Winchi arudi, wasichana wa siku hizi wanabeba matofali kama wanabeba mayai." Nikamwambia, Winchi sasa anabebwa na bati. Wakacheka mpaka wengine wakaweka mizigo chini.

Huku mvua imeharibu safu moja ya matofali mabichi, yamelainika yakawa matope tena. Nyumba yetu haivuji. Nalala upande wangu, upande wako nimeuacha wazi.

Kuna kitu tumboni, upande wa kulia, kigumu, ukikibonyeza hakisogei. Nesi wa zahanati amekishika, akaandika niende hospitali kubwa. Usianze kuhangaika. Na usimwambie mwanao, ataniletea gari na maneno mengi. Nitakungoja wewe, twende pamoja tukawasikilize.

Ni mimi,
Sindano

15 Aprili

Mdogo wangu,

Kitu gani hicho hakisogei? Kula mboga, kunywa maji, na acha kukibonyeza. Nitakuja twende wote. Nani mwingine wa kusimama mlangoni daktari akianza kusema kwa haraka? Unajua mimi nikisimama mlangoni hapiti mtu.

Huku nazidi kunawiri. Mkwe wangu, yule wa benki, alinipima kwenye mzani wa chooni, akapiga makofi. Watu waliokuja kula Jumapili walimwambia mwanangu, "Bosi, mama amekubali mji!" Akajisikia, uso ukang'aa. Sindano, laiti ungemwona. Nilijinyoosha kitini kama picha.

Nimeacha kugusa kazi za nyumbani, na nikueleze kwa nini. Siku moja nilimnyang'anya yule binti kitambaa nikapiga deki, mgongo uwake kidogo. Mwanangu akaingia ghafla. Mimi hakuniambia neno. Binti ndiye aliyeambiwa, na kwa ukali, kwamba kama kazi imemshinda aseme, wako wengine. Alilia jikoni amegeukia ukuta. Tangu hapo nikimwona na ndoo nafumba macho. Sitaki mtoto wa mwenzangu akose kazi kwa sababu ya mikono yangu.

Nilijaribu pia kutembea nje. Barabara yetu haina njia ya miguu, magari yanapita yakikunusa. Nilifika kwenye duka la dawa, mlinzi wa getini akanifuata mbio, "Mama mkubwa, bosi ataniua, rudi ndani." Akanipandisha kwa lifti. Basi sasa nikiamka nakaa, nikichoka kukaa nalala, nikichoka kulala naitwa mezani. Haya ndiyo maisha tuliyokuwa tukiyaombea, sivyo?

Viatu vyangu vya safari vimesinyaa, nadhani ni hewa ya huku. Mwanangu ataninunulia vingine.

Winchi wako

9 Mei

Dada,

Viatu havisinyai kabatini. Lakini haya, wewe ndiye uliye mjini.

Nilikwenda hospitali kubwa peke yangu, nikasema nisikusumbue. Daktari ni kijana, mpole, akanichorea kitu kwenye karatasi, akasema wapasue, wakitoe, na wasichelewe. Wamenipa tarehe kumi na nane ya mwezi wa sita.

Nikamwambia nakubali, ila sipandi kile kitanda mpaka nimwone dada yangu mlangoni. Akasema, "Mama, ndugu yeyote anatosha." Nikawaza, huyu hanijui. Wewe unajua kwa nini, Dada. Mama yetu alifia kwenye wodi ile ile na sisi tuko tanurini, tunamalizia mzigo. Alitazama mlango mpaka mwisho, yule mgonjwa wa kitanda cha pili alituambia. Siwezi kulala pale nikitazama mlango mtupu.

Mvua zimeisha. Ulisema zikiisha unarudi. Njoo siku mbili kabla, tukae barazani, unitukane kidogo nipate nguvu.

Sindano

12 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Usinikasirikie. Tarehe hiyo haiwezekani. Mjukuu wangu ana mitihani na mwanangu anasema nikiwepo mtoto anasoma kwa bidii, halafu kuna wageni wakubwa wa ofisini wanaokuja na lazima mama wa nyumba aonekane. Unajua nafasi ya mwanangu ilivyo. Mwambie daktari asogeze mbele kidogo, wiki chache tu. Hao wana tarehe nyingi.

Lifti imepumzika kidogo, watu wote wanalalamika, mafundi wako njiani. Mimi hainisumbui kitu, nitoke niende wapi?

Uvimbe mdogo kama huo hauna haraka. Wewe ni Sindano, wembamba wako ndio uzima wako.

Nakupenda sana. Nakuja.
Dada yako

20 Julai

Winchi,

Nimesogeza tarehe. Daktari hakufurahi, aliandika huku ameuma midomo. Alinipa ya mwezi huu mwanzoni, nikasogeza na hiyo, kwa sababu mlangoni hapakuwa na mtu.

Nimeuliza watu wanaokwenda mjini. Mitihani ya watoto imeisha zamani. Kwa hiyo wageni ndio wanaokuzuia? Wageni wanakula kila siku tangu mwezi wa sita? Dada, mimi sikukuomba nguo wala sukari. Nimekuomba uje usimame. Kusimama tu, kazi uliyoifanya maisha yako yote bila kuombwa.

Pale tanurini sikusomi tena. Wakiuliza nasema barua imepotea. Yule mchoma matofali alisema, "Winchi amepata shingo ya mjini, haigeuki nyuma." Nilimpiga na kitambaa cha kichwa, kisha nikafika nyumbani nikaona labda nimempiga bure.

Nguo zangu zimekuwa kubwa. Lile gauni la buluu nalifunga na kamba. Usifurahi kwamba mimi ni mwembamba.

Kama umenichoka, andika umenichoka. Nitajua cha kufanya.

Sindano

3 Agosti

Mdogo wangu, damu yangu,

Keti kwanza ndipo usome.

Siwezi kushuka ngazi. Sasa nimeandika, na mkono haujakatika.

Lifti imekufa tangu mwanzo wa mwezi wa sita. Barua yako ya tarehe ya hospitali ilipofika nilikuwa nimekwisha kufunga kifurushi, wallahi kiko chini ya kitanda mpaka leo. Nikangoja mwanangu na mkewe waende kazini. Nikamwambia yule binti, nashuka, ukiulizwa sema nimekwenda kwa mdogo wangu. Nikashika chuma cha ngazi. Mimi, Sindano, mimi niliyekuwa napanda kilima na mzigo kichwani na mtoto mgongoni huku naimba. Nilishuka vidato vichache, magoti yakaanza kutetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Nikajiambia, tulia, mwili umesahau tu, utakumbuka. Haukukumbuka. Miguu ilikunjika, nikakaa kwa kishindo, kifurushi kikatangulia mpaka chini. Nilijaribu kusimama nikashindwa. Nilijaribu kurudi juu kwa kutambaa nikashindwa na hilo pia. Nilikaa pale kama gunia lililoachwa njiani, watu wananipisha, "Shikamoo mama," wanapita.

Mlinzi wa getini na muuza maji walinirudisha juu kwenye kiti cha jikoni. Muuza maji akasema kwa utani, "Mama umeshiba kweli kweli." Nikacheka naye. Ningefanya nini?

Nikamwapisha binti asiseme. Nikamwapisha mlinzi. Mwanangu akirudi ananikuta kitini, anauliza, "Mama umepumzika?" Nasema nimepumzika. Anafurahi. Ofisi nzima anaiambia mama yake amepumzika. Nitaanzia wapi kumwambia kwamba kupumzika ndiko kulikonimaliza? Siku hizi natoka kitandani mpaka chooni nimeshika ukuta, nikifika natoka jasho. Viatu havikusinyaa. Ni miguu imevimba.

Na wewe nikakuandikia wageni na mitihani. Niliona bora unione nina maringo kuliko unione sina miguu. Watu pale wananiita Winchi. Nilitaka waendelee.

Sasa usinisubiri. Nakuomba kwa jina la mama yetu, usitazame mlango. Mchukue yule mchoma matofali, ana mdomo mchafu lakini atasimama. Nenda kesho. Barua hii binti ameikimbiza stendi mwenyewe.

Dada yako asiyekuchoka

21 Agosti

Dada,

Ameniandikia nesi, mimi nasema yeye anaandika, kwa hiyo makosa ni yake. Amecheka, ni msichana mzuri.

Nilikwenda siku ile ile barua ilipofika. Mchoma matofali alisimama mlangoni siku nzima, hakwenda hata kunywa maji. Walinipasua. Nilipoamka nikaona daktari amekaa pembeni ya kitanda changu, na daktari akikaa ujue. Alisema walifungua wakaona kimesambaa, wakafunga. Alisema mwezi wa sita kilikuwa kimekaa mahali pamoja.

Nimewaza sana kama nikuambie hilo. Nimeona nikikuficha tutakuwa tunacheza mchezo ule ule.

Nina hasira na wewe, Dada, ila ni hasira nyembamba, haina mahali pa kukaa. Ungeniambia miguu imekufa, ningelia siku moja, na kesho yake ningekwenda hospitali. Nilikuwa nakungoja kwa sababu nilijua wewe hakuna kinachoweza kukuzuia.

Mwambie mwanao sasa. Mpe barua hii aisome mwenyewe. Halafu njoo, hata wakuviringishe.

Sindano

2 Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri baada ya msiba wetu mzito. Naomba tena msamaha kwamba niliondoka siku ile ile ya mazishi, ofisini kulikuwa na kikao ambacho nisingeweza kukikosa. Mama Mdogo alikuwa mama yangu wa pili na nimeumia kuliko ninavyoweza kusema.

Mama, nina habari njema. Lifti imetengenezwa, sasa inafanya kazi vizuri. Nimekununulia pia kiti cha magurudumu, kizuri, chepesi, cha kukunja. Yule binti wa kazi nilitaka kumwondoa kwa kunificha, mama wa watoto akanisihi, nikamwacha, lakini nimemtafutia msaidizi ili usiachwe peke yako hata dakika moja. Ukirudi hutahitaji hata kunyanyua glasi.

Nakuja Jumamosi ijayo na gari. Nyumba ile ina baridi, ina mawe mlangoni, na choo kiko nje. Nani atakutunza huko? Watu ofisini wananiuliza mama yuko wapi.

Kuhusu zile ngazi nilipokubeba, Mama, daktari wa kazini amesema ni uchovu tu, amenipa dawa za presha na kuniambia nipunguze mawazo.

Mwanao akupendaye

8 Oktoba

Baba yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma barazani, nikamsomea na mchoma matofali, akasema mwandiko wako ni wa mkubwa. Nikamwambia huo mwandiko nimeulipia kwa kichwa changu hiki. Najivunia wewe, sitaacha leo.

Lakini Jumamosi usije.

Kuhusu zile ngazi, usione aibu, ila usinidanganye pia. Mlinzi alijitolea, ukamsukuma ukasema, "Ni mama yangu, nambeba mimi." Nilikuwa mgongoni mwako, baba. Niliusikia moyo wako kwenye mbavu zangu, unagonga kama mtu anayetaka kutoka. Tulipofika kwenye kona ukakaa chini, uso umekuwa wa majivu, ukasema, "Mama, ngoja kidogo." Hata ndevu zako hazijaanza kuota mvi. Ugonjwa wako na wangu ni mmoja, mimi umenianzia miguuni. Hizo dawa kunywa, lakini shuka kwa ngazi hata lifti ikiwa nzima, na gari liache siku moja moja. Na yule binti mwache ashike ndoo na wewe shika kitambaa, hutapungukiwa cheo.

Msaidizi wake mrudishe. Binti hakukuficha kitu, alinitii mimi.

Uliponiacha kwa Mama Mdogo wako, yeye alikuwa bado anaongea. Aliniona nimeshushwa na watu wanne, akasema, "Winchi, wamekuleta kama kabati." Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, akacheka tena. Nilikaa naye mpaka mwisho. Nilikaa tu, kwa sababu kusimama nilishindwa, na yeye alikuwa ameniomba kusimama. Alipoanza kutazama mlango nilimwita, akageuza macho, akaniona. Hilo nimelipata.

Siku ya mazishi wewe ulikuwa mbele na wenzako mnapokezana jeneza, hukuona nyuma. Makaburi yako juu, kupita tanuru. Wanawake walitaka kunipandisha kwa kiti, nikakataa. Sikuweza kubebwa siku ambayo yeye ndiye anayebebwa. Nilibaki mlangoni nikatazama migongo ya watu inapanda kile kilima mpaka wote wakaishia, na sikumsindikiza mdogo wangu. Waliporudi waliniambia yote yamekwenda vizuri.

Ndiyo maana usije. Kila asubuhi natoka na fimbo. Siku za kwanza niliishia kwenye mawe hayo unayosema, nikaanguka mara moja, nikaamka mwenyewe, na hakuna aliyekimbia kunishika kwa sababu niliwakataza. Nachota maji yangu kwa kopo, siyo ndoo. Nafagia nikiwa nimekaa. Mgongo unawaka, baba, unawaka vizuri. Usiku nalia kwa magoti, na kwa mengine.

Jana nilifika tanurini. Wasichana waliacha kazi wakapiga vigelegele, "Winchi! Winchi!" Nikawapungia mkono kama yule waziri. Hawakujua kwamba nilikuwa nakwenda mbele zaidi na miguu ilikuwa imekwisha. Nilikaa juu ya matofali, nikatazama juu. Kaburi linaonekana kutoka pale, udongo bado mwekundu.

Ofisini wakikuuliza, waambie mama yako yuko kwa mdogo wake, anatembea. Usiwaambie anafikia wapi.

Bado sijafika kwake. Usije kunichukua.

Mama yako